Hanithi, Huntha na Nukta Moja: Njia za Jinsia kutoka Madina hadi Sohar na Mombasa

Kiswahili kina maneno mawili yaliyozaliwa na shina moja la Kiarabu, kha-nun-tha, shina lenye maana ya kulegea na kupindika, kama unavyopindwa mdomo wa kiriba cha maji. La kwanza ni huntha, mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika kuwa ya kiume au ya kike. La pili ni hanithi, na hili limebebeshwa mizigo mingi: mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, mwanamume mwenye mwenendo wa kike, na katika ugomvi wa mitaani ni tusi tu, halina maana zaidi ya kuumiza. Kiarabu kina la tatu, mukhannath, ambalo halikuvuka bahari kuja kwetu kwa umbo lake, ingawa sehemu kubwa ya maana yake imelala ndani ya hanithi.

Maneno haya tumeyafuatilia kwa sababu yanarudi kila mara katika karatasi ambazo jamaa wa Doha wanatuletea. Wengi wao ni watoto na wajukuu wa waliotoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, wakapitia Mombasa, Dar es Salaam, Dubai au Maskati, hata wakatua Qatar kwa kazi. Tunakutana West Bay, mtaa wa majumba marefu ya vioo, katika ghorofa ya mmoja wetu, na wenye karatasi wanakuja nazo. Wenyeji huuita mtaa huo ad-Dafna, kwa kuwa hapo palikuwa bahari ikafukiwa kwa mchanga. Hoteli ya Sheraton, ile yenye umbo la piramidi, ilipofunguliwa mwaka 1982 ilisimama karibu peke yake juu ya ardhi hiyo mpya. Shina ni lile lile lililotupa neno dafina, mali iliyofukiwa. Watu waliokulia Malindi ya Unguja au Mkunazini hulifurahia jambo hilo wanapoambiwa, na pengine ndiyo maana karatasi zinaendelea kuja.

Tuanze Madina, karne ya kwanza ya Hijra. Mji ule ulikuwa na kundi la watu walioitwa mukhannathun, wanaume waliojipamba na kusema kwa namna ya wanawake, wakaingia majumbani bila kizuizi, wakasuluhisha posa, wakachekesha watu, na zaidi ya yote wakaimba. Habari zao zimejaa katika Kitab al-Aghani cha Abu al-Faraj al-Isfahani, na katika wakati wetu Everett Rowson alizikusanya na kuzichambua katika makala yake ya 1991. Aliyevuma zaidi ni Tuways, yaani tausi mdogo, ambaye wapokezi wanamhesabu miongoni mwa wa kwanza kuimba kwa mahadhi ya kupimwa katika Madina ya Kiislamu. Waarabu walimfanya mfano wa nuksi. Walisema alizaliwa siku aliyofariki Mtume (s.a.w.), akaachishwa ziwa siku aliyofariki Abu Bakr, akatahiriwa siku aliyouawa Umar, akaoa siku aliyouawa Uthman, na akapata mtoto siku aliyouawa Ali. Hesabu hiyo ni ya wachekeshaji. Lakini msomaji asipite haraka. Tuways alioa na akazaa, na hakuna aliyeona ajabu kuyataja hayo pamoja na kumwita mukhannath.

Wa pili ni ad-Dalal, na kisa chake kinahusu nukta. Inasimuliwa kwamba khalifa Sulayman bin Abd al-Malik, aliyetawala kuanzia 715 hadi 717, alimwandikia gavana wake wa Madina, Ibn Hazm, kuhusu mukhannathun wa mji huo. Neno alilokusudia, kwa mujibu wa wasimulizi, lilikuwa ahsi kwa ha, yaani wahesabu. Nukta ikaangukia juu ya herufi, ha ikawa kha, na neno likawa akhsi: wahasi. Gavana akatii. Wapo wasimulizi wanaoikataa nukta na kusema khalifa alikusudia alichokiandika, kwa wivu, baada ya kumwona kijakazi wake ametekwa na sauti ya mwimbaji. Sisi tunaona kisa cha nukta kilitungwa baadaye kumwondolea khalifa aibu; makatibu wa Banu Umayya hawakuwa wazembe kiasi hicho. Hata hivyo kwa Mswahili kina uchungu wa ziada. Sisi kha tumeifanya ha katika maneno chungu nzima. Khabari imekuwa habari, kheri huandikwa heri, na kitenzi chetu kuhasi ndicho kile kile cha gavana wa Madina. Katika matamshi yetu nukta ile haipo kabisa.

Wanazuoni hawakulichukulia kundi hilo kwa kauli moja. Hadithi mashuhuri ni ya nyumbani kwa Bibi Ummu Salama, ambako mukhannath mmoja, baadhi ya riwaya zinamtaja kwa jina la Hit, alikuwa akiingia kwa wanawake kwa kuhesabiwa miongoni mwa wasio na haja nao. Siku moja akasikika akimweleza mtu umbo la binti Ghaylan wa Taif kwa undani wa mtu mwenye jicho, na Mtume (s.a.w.) akaamuru asiingie tena. Wafafanuzi walijadili sana kosa lilikuwa wapi. Imamu an-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, aliwagawa mukhannathun mafungu mawili. Kuna aliyeumbwa hivyo, sauti yake, mwendo wake na tabia yake havikutokana na kujitakia. Huyo hana lawama wala dhambi kwa jambo ambalo hakulichagua. Na kuna anayejifanya. Laana iliyotajwa katika hadithi inamhusu huyu. Tunalitaja hili kwa sababu an-Nawawi si mtu wa pembeni kwetu. Pwani ya Waswahili kwa sehemu kubwa ni Shafi, Minhaj yake imesomeshwa Lamu, Mombasa na Unguja vizazi kwa vizazi, na bado tunakutana na wazee wanaodhani kwamba fiqhi haikuwahi kutofautisha.

Kuhusu huntha, fiqhi ilikuwa na subira ya ajabu. Mafaqihi waliuliza maswali ya mirathi, ya safu za sala, ya nani amwoshe maiti, na wakajibu moja baada ya jingine. Alama za mwili zikibainisha, anahesabiwa upande uliobainika. Zisipobainisha, anaitwa khuntha mushkil, huntha wa mashaka, na katika madhehebu ya Shafi hupewa fungu la mirathi lililo la yakini, na kilichobaki huwekwa mpaka mambo yabainike au warithi wasuluhishane. Katika safu husimama nyuma ya wanaume na watoto wa kiume, mbele ya wanawake. Mtu anaweza kuuona utaratibu huo kuwa mkali au kuwa wa huruma. Ambacho hawezi kusema ni kwamba mtu huyo alisahauliwa. Alipewa mahali pa kusimama msikitini, na fungu lake lilihesabiwa.

Kabla ya kuvuka kwenda Unguja inafaa tuwatenge matowashi, kwa sababu jamaa huwachanganya na hanithi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anawataja matowashi katika majumba ya baba yake. Hao walihasiwa utotoni na wafanyabiashara ya watumwa ili wauzwe kwa bei kubwa. Walichofanyiwa ni ukatili wa biashara, na kukiita njia ya jinsia ni kukipamba.

Karatasi ya kwanza ya kitaalamu tunayoijua juu ya watu wa namna hii katika Unguja ni ya Oskar Baumann, msafiri wa Austria aliyekuwa konseli wa nchi yake kisiwani. Ilichapishwa Berlin mwaka 1899, mwaka aliofariki. Ni kurasa chache tu, zimeandikwa kwa lugha ya udaktari wa Ulaya wa siku zile na kwa dharau kwa Waafrika na Waarabu kwa pamoja. Baumann aliandika kwamba Waunguja walikuwa na jina la mke-si-mume kwa watu waliozaliwa na mwelekeo huo, ambao tangu utoto hupenda kazi za kike, hupika, husuka ukili, huvaa kama wanawake. Na kwamba neno hanisi, kwa matamshi aliyoyasikia, lilitumika pia. Aliwatenga na wengine ambao, kwa maoni yake, waliingia katika mambo hayo kwa ajili ya fedha, na hao akawatupia Waarabu lawama ya kuwafundisha.

Ukiondoa dharau, mgawanyo wake unashangaza: ni ule ule wa an-Nawawi, aliyezaliwa hivyo na aliyejifanya. Hatufikiri kuwa Baumann alisoma sherehe ya Sahihi Muslim. Tunafikiri aliwauliza Waunguja, na Waunguja wakamjibu kama walivyofunzwa chuoni. Jina mke-si-mume nalo lina akili yake. Halisemi mtu huyu ni mwanamke kisha likanyamaza. Linaongeza kwamba mume siye. Ama ile lawama ya kufundishwa na Waarabu, tumeisoma ikigeuzwa kila upande. Ghuba waliwasema Waajemi, Waajemi waliwasema Waturuki, na leo Afrika Mashariki wanasemwa Wazungu. Kila bandari humsingizia merikebu iliyofika mwisho.

Tukija Sohar, habari ni nyingi na za karibu. Sohar, kwenye pwani ya Batina, ni mji ambao Imamu Ahmad bin Said alikuwa wali wake kabla ya kuasisi utawala wa Albusaidi, na nusu ya wasomaji wetu wana babu wa Batina. Mwaka 1974 alifika hapo Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norway, pamoja na mumewe Fredrik Barth, na akarudi tena mwishoni mwa 1975. Alikaa na wanawake majumbani. Alikuwa keshakaa miezi minne asijue lolote, mpaka siku moja alipokuwa akitembea na mwanamke mmoja wa mji. Rafiki yake huyo, mwenye kuchunga heshima zake, akasimama njiani kuzungumza na mtu aliyevaa kanzu ya waridi. Wikan alistaajabu kumwona anaongea na mwanamume hadharani, akaambiwa huyo si mwanamume, ni khanith. Kabla hawajafika waendako alionyeshwa wengine wanne. Aliandika makala katika jarida la Man mwaka 1977, kisha sura katika kitabu chake cha 1982 juu ya wanawake wa Oman. Neno alilichapisha kwa herufi x mahali pa kha, na mpaka leo wako wasomaji wa Kiingereza wanaolitamka kama jina la dawa.

Maelezo yake ya mavazi ni ya kuangaliwa kwa makini. Mwanamume wa Sohar alivaa kanzu nyeupe, mwanamke nguo ya rangi kali yenye maua na nakshi. Khanith alivaa kanzu ya mshono wa kiume lakini imebana kiunoni, ya rangi moja isiyo na nakshi, waridi au samawati. Nywele za mwanamume zilikatwa fupi, za mwanamke zilikuwa ndefu, zake zilikuwa za katikati na zimepakwa mafuta. Kichwa chake kilikuwa wazi, bila kofia wala kilemba na bila mtandio. Alijipaka manukato mengi. Alikula na wanawake, akaimba nao kwenye harusi, na akaruhusiwa kumwona bibi harusi uso wazi. Angevaa nguo za kike hasa angeadhibiwa. Mpaka huo ulilindwa. Na jina lake lilibaki la kiume, alisali msikitini na wanaume, mahakamani ushahidi wake ulipokewa kama wa mwanamume, na Waarabu walipomtaja walisema huwa, hawakusema hiya. Wengi walifanya kazi za utumishi wa nyumbani, wakijipangia ujira wao wenyewe, na Wikan anaeleza pia kwamba walijiuza kwa wanaume. Hilo hatulifichi, ingawa najua, anasema mmoja wetu, kwamba kuna nyumba jarida litafungwa kwenye ukurasa huu.

Lililo muhimu zaidi kwa mwanahistoria ni njia zenyewe. Kijana aliyeanza kuwa khanith hakuwa amefunga mlango. Angeweza kuoa, na akithibitisha uwezo wake usiku wa harusi mbele ya desturi za mji, kwa ushahidi ule ule unaotakiwa kwa bwana harusi yeyote, tangu siku hiyo alihesabiwa mwanamume, wanawake wakajisitiri mbele yake na urafiki wa jana ukaisha. Wengine walioa kisha wakarudi hali ya kwanza. Wengine hawakuoa kamwe, na walipozeeka waliitwa kwa jina la wazee tu, habari ya ujana ikaachwa ipoe. Mji ulimtazama mtu kwa anachokitenda sasa. Haukumwuliza yeye ni nani tangu kuumbwa kwake mpaka kaburini, na hapo ndipo Sohar ya 1974 inapoachana na daktari wa Berlin wa 1899 na pia na daktari wa leo.

Wikan alikadiria kuwa Sohar ilikuwa na khanith wapatao 60 kati ya wanaume wazima wapatao 3000, yaani kama mmoja katika kila 50. Takwimu hii imenukuliwa duniani kote kana kwamba ni sensa. Sisi tunaipokea kwa tahadhari: ni kadirio la mgeni aliyekaa miezi michache, kutoka kwa watu waliomwambia wanachokijua, katika mji ambao vijana wengi walikuwa wameondoka kutafuta kazi Ghuba. Ubora wa kazi yake uko kwenye kanzu na kwenye harusi, huko ambako aliona kwa macho.

Mwaka uliofuata, katika jarida lile lile, wasomi kadhaa walimjibu, na mmoja wao alikuwa Gill Shepherd, aliyekuwa amefanya utafiti Mombasa. Kwa Shepherd jambo la Mombasa halikuwa mwanamume kugeuka mwanamke. Wanaume walioitwa mashoga walibaki wanaume mbele ya watu, na kilichoamua mahali pao kilikuwa cheo na mali: nani ana nyumba, nani anamlisha nani, nani yuko chini ya ulinzi wa nani. Alilipanua wazo hilo mwaka 1987, akalitumia pia kwa wanawake wenye uwezo walioishi na kuwatunza wanawake wenzao. Wikan alisema ufunguo ni jinsia. Shepherd akasema ufunguo ni daraja. Wazee wa Mji wa Kale tuliowauliza wanacheka na kusema wote wawili walikaribishwa chai na nyumba tofauti.

Neno shoga lenyewe lina historia ya kusikitisha kidogo. Kwa bibi zetu wa Unguja na Mombasa lilikuwa, na kwa wengi bado ni, mwito wa mwanamke kwa mwanamke mwenziwe wa moyoni: shoga yangu, karibu. Mwanamume aliyekaa na wanawake akaitwa hivyo kwa sababu wanawake walimwita hivyo. Alikuwa shoga yao kweli. Magazeti na siasa za miaka ya karibuni zimelichukua neno hilo barani kote likawa la kulaani, hata wasichana wa Dar es Salaam waone haya kuitana. Tumepokea barua za miaka ya 1950, za bibi kwa bibi, ambazo mjukuu alitaka kuziondoa katika mkusanyiko kwa sababu zilianza kwa neno shoga. Tulimsihi asiziondoe.

Na hapa tufike kwenye kazi iliyotusumbua zaidi. Jamaa mmoja walituletea masimulizi ya bibi yao tuyachape kwa lugha zetu mbili, Kiswahili kulia na Kiarabu kushoto. Ndani yake yumo mtu wa nyumba, ndugu wa babu, aliyekaa na wanawake, akawalea watoto watatu mama yao alipofariki, akasuka mikeka, akaimba kwenye harusi za mtaa mzima, na hakuoa. Kwa Kiswahili masimulizi yalitiririka bila kikwazo. Alisema, akaenda, akatubeba, mkono wake, sauti yake: yeye ni yeye, lugha yetu haiulizi zaidi. Mjukuu aliyeketi kutafsiri, kijana aliyesomea Doha na ambaye Kiarabu chake ni chepesi kuliko Kiswahili chake, alikwama sentensi ya kwanza. Qala au qalat? Akampigia simu.

"Shikamoo Bibi. Yule alikuwa mwanamume au mwanamke?"

"Marahaba. Alikuwa wa kwetu, mwanangu."

"Bibi, Kiarabu kinataka nichague."

"Basi ngoja, usichague leo."

Wajomba walikuwa na rai nyingine. Katika shajara ya zamani ya ukoo huo, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kando ya jina la mtu huyo palikuwa na neno, na ukingo wa karatasi umeliwa na mchwa. Kha inaonekana, jino moja linaonekana, kilichobaki ni vumbi. Wakubwa wawili walisoma khuntha, wakaridhika, kwa kuwa huntha ni kudra ya Mungu na haina lawama. Wa tatu akasoma khanith, akataka jina lote lifutwe kabla shajara haijachapwa. Vijana walitaka liachwe neno, lifutwe vumbi, na litiwe jina la kisasa la mtu aliyebadili jinsia. Bi mkubwa hakutaka lolote kati ya hayo. Alitaka jina liandikwe pamoja na majina ya watoto watatu waliolelewa, kwa sababu yeye ni mmoja wao.

Hatuna haki ya kumpa marehemu neno ambalo karatasi haikulihifadhi. Kumwita huntha bila ushahidi ni kumtafutia udhuru ambao hakuuomba. Kumwita kwa jina la leo ni kumvika nguo ya duka lililofunguliwa baada yake. Lakini kumfuta ni uongo, na shajara yenye uongo mmoja haifai hata kwa mirathi. Tulikubaliana na bi mkubwa. Kwa upande wa Kiarabu tulifuata desturi ya Sohar pale ilipolazimu, tukatumia kitenzi cha kiume, na kwingine kote tukarudia jina lake badala ya dhamiri. Kiarabu kilichotoka ni kizito kama mzigo wa kuni za mikoko, na mhariri wetu wa Kiarabu bado hajatusamehe.

Nyaraka za serikali hazisaidii sana katika mambo haya. Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Maktaba ya Uingereza, ina taarifa za watumwa waliowaendea mawakala wa Kiingereza wa Ghuba kuomba hati za uhuru, wengi wao wa asili ya Afrika Mashariki. Nyumba ya Bin Jelmood pale Msheireb, makumbusho ya utumwa tangu 2015, inaeleza safari zao mpaka Qatar ilipoufuta utumwa mwaka 1952. Katika taarifa hizo mtu ana jina, umri, alikozaliwa na alivyotekwa. Jinsia yake imeamuliwa na karani kwa kumtupia jicho.

Sheria za sasa tuzipitie kwa ufupi, kwa kuwa zinabadilika kuliko wino wetu unavyokauka. Mwaka 1988 mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar alifanyiwa upasuaji akawa mwanamke, na mufti wa Misri, Muhammad Sayyid Tantawi, akatoa fatwa iliyoruhusu upasuaji wa kudhihirisha kilichofichika mwilini na kukataza ule wa matamanio matupu; pande zote mbili za ugomvi zilidai fatwa ni yao. Iran, kwa rai ya Khomeini, iliruhusu kubadili jinsia hata bila dalili za mwilini. Imarati, katika sheria ya tiba ya 2016, ziliruhusu kumsahihisha mwenye maumbile ya mashaka. Kuwait iliongeza mwaka 2007 adhabu kwa kujifananisha na jinsia nyingine, na Mahakama ya Katiba ikaifuta Februari 2022. Oman, katika kanuni ya adhabu ya 2018, imemtaja mwanamume atokeaye na mavazi ya kike. Kanzu ya waridi ya Sohar leo ingehitaji wakili. Wasichana wa Ghuba wanaovaa na kutembea kiume wamepewa tangu miaka ya 2000 jina la boyat, neno la Kiingereza lililotiwa wingi wa kike wa Kiarabu, na nahau hajaalikwa harusini. Ukizipanga kauli hizi utaona nyingi zimemfungulia mlango huntha na kumfungia hanithi, maneno ambayo mitaani kwetu watu hawayatenganishi.

Kenya imekwenda mbali zaidi kwa huntha. Mahakama Kuu, Desemba 2014, katika kesi ya mtoto aliyeitwa Baby A, iliitaka serikali iwatambue na kukusanya takwimu zao. Mwaka huo huo Audrey Mbugua alishinda kesi ya kuondolewa jina na alama ya jinsia ya zamani kwenye cheti chake cha shule, na yeye si huntha, ni mtu aliyevuka jinsia. Sheria ya Watoto ya 2022 imemtaja mtoto wa maumbile hayo kwa jina. Na katika sensa ya Agosti 2019, kwa mara ya kwanza katika Afrika Mashariki, makarani waliagizwa kuwaandika mahali pao. Walihesabiwa watu 1,524. Wahesabu, aliandika khalifa, au ndivyo wanavyosema.

Shajara ya jamaa wale itatoka katika toleo lijalo, mchwa na vyote, pamoja na picha ya ukingo ulioliwa ili kila msomaji ajisomee. Tunaomba wenye barua, picha za harusi na daftari za nyimbo za miaka ya kabla ya 1964 watuletee nakala bila kusahihisha tahajia na bila kuondoa maneno. Aliyeandika hanithi au shoga mwaka 1950 alikuwa na maana yake, na maana hiyo ndiyo tunayoitafuta. Tutatumia jina pale tu ukoo umekubali.